Kijana, kindi na glasi ya maji: namna ya kuitazama picha ya Copley ya mwaka 1765

Swali: Shikamoo mwalimu. Ni binti wa Morogoro, nachora sura za watu kwa penseli, kazi za kuagizwa, mara nyingi kutoka kwenye picha za simu. Juzi nimekutana mtandaoni na picha ya zamani: kijana amekaa nyuma ya meza, ameshika mkufu uliomfunga mnyama mdogo, nyuma yake kuna pazia jekundu. Wanasema ni kazi kubwa ya karne ya 18. Naona imechorwa vizuri, ila hainigusi. Huyo kijana hata hanitazami. Nianzie wapi kuiangalia? Au tunaisifu kwa kuwa ni ya zamani tu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Picha uliyoiona ni ya John Singleton Copley. Aliichora mwaka 1765 huko Boston, wakati Boston ikiwa bado ni mji wa koloni la Uingereza, na leo iko katika makumbusho ya sanaa ya mji huohuo. Kijana anaitwa Henry Pelham, mdogo wake Copley kwa mama, baba mbalimbali. Alikuwa na miaka 16, kaka yake akiwa na 27. Mnyama ni kindi wa misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini, wa aina ile yenye ngozi iliyotanda kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, inayomwezesha kuelea hewani kutoka mti hadi mti.

Umelalamika kwamba kijana hakutazami. Shika hapohapo, usipaachie, maana wewe unaishi kwa kazi za kuagizwa na unajua mteja anataka nini. Mteja anataka atazamwe na atazame. Anataka mgeni akiingia sebuleni akutane na macho yake ukutani. Ukimchorea mtu sura yake ya ubavuni, akiwaza mambo yake, kuna uwezekano mkubwa atakuuliza kwa nini umemgeuza. Wateja wa Copley, wafanyabiashara wa Boston na wake zao, walikuwa hivyohivyo, na yeye aliwachorea walichotaka: sura imekuelekea, hariri inang'aa, mkono umetulia mahali pa heshima. Alikuwa mchoraji wa sura aliyetafutwa kuliko wote mjini.

Sasa mbona huyu kijana yuko ubavuni, jicho limepanda juu kidogo, midomo imeachana, hana habari na wewe? Kwa sababu hakuna aliyeiagiza picha hii. Hakuna mteja aliyeilipia. Copley aliichora ili aipeleke London, kwenye maonyesho ya Chama cha Wasanii, watu asiowajua wampime. Ni kama fundi cherehani anayeshona koti moja kwa kitambaa chake mwenyewe na kulitundika mlangoni: koti lile halimvalishi mtu, linasema tu mkono wa fundi unaweza nini.

Ukiishika hiyo, picha nzima inabadilika. Kila kilichomo kimewekwa kujibu swali ambalo mtu wa London angeuliza. Unaweza kuchora ngozi ya kijana, laini, yenye damu chini yake? Ona shavu. Kitambaa kinachong'aa? Ona ile kola ya rangi ya waridi juu ya koti la rangi nzito. Manyoya? Kindi. Metali nyembamba? Mkufu wa dhahabu. Mbao iliyopigwa msasa na kung'arishwa mpaka ikarudisha sura ya vitu? Meza. Na kitu kisicho na rangi kabisa, ambacho mchoraji hana budi kukichora kwa kuchora vinavyoonekana kupitia kwake? Glasi ya maji.

Hapo kwenye glasi ningependa ukae. Wewe unatumia penseli, kwa hiyo unajua kuchora glasi ni kuchora kila kitu isipokuwa glasi. Iko karibu na ukingo wa mbele, chini ya mkono wa kijana. Ndani kuna maji, na maji hupinda mwanga, kwa hiyo meza inayoonekana kupitia glasi si meza ileile iliyo pembeni yake. Copley hakuchora glasi ya kubuni akilini. Aliitazama moja, akafuata kila mng'ao ulikoangukia. Kisha panda juu kwenye mkono. Mkufu ni mwembamba mno, na vidole vimeushika kwa wepesi, kwa namna mtu anavyoshika kitu alichokisahau mkononi. Hakuna kuvuta. Kindi naye havuti, yuko kwenye kokwa lake, anatafuna, vipande vya maganda viko mezani. Viumbe wawili wameunganishwa kwa mkufu mmoja na kila mmoja yuko kwenye dunia yake. Mimi nikiulizwa ni wapi hasa picha hii ina ukubwa, nitataja ule mkono kabla ya uso.

Yupo mwanahistoria wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Harvard, Jennifer Roberts, ambaye huwaagiza wanafunzi wake waketi mbele ya kazi moja ya sanaa kwa saa 3 nzima. Mwenyewe alifanya hivyo na picha hii hii, akaandika alichokiona na alipokiona. Dakika ya 9 akagundua kwamba umbo la sikio la kijana linarudiwa kwenye ukingo wa manyoya tumboni mwa kindi. Ilipofika dakika ya 21 akaona kuwa vidole vilivyoshika mkufu vimeachana kwa upana uleule wa glasi iliyo chini yake. Na baada ya dakika 45 hivi ndipo akaona mikunjo ya pazia, ambayo mtu anaipita akidhani ni mikunjo tu, inanakili maumbo ya sikio na jicho la kijana. Nimekutajia dakika zake makusudi. Huyo ni mtu aliyesomea kutazama, na sikio lilimchukua dakika 9. Wewe umeitazama kwa muda gani kabla ya kusema haikugusi? Sikusuti. Sote tunapitisha kidole kwenye simu.

Na simu ina kosa jingine. Picha yenyewe ina urefu wa sentimita 77 hivi na upana wa 64. Ukisimama mbele yake, kichwa cha Henry kinakaribia ukubwa wa kichwa cha mtu, na meza iko pale ambapo meza yako ingekuwa, kana kwamba umeketi ng'ambo ya pili. Kwenye kioo cha simu anakuwa mdogo kuliko kindi wake. Tafuta nakala yenye ubora mkubwa, ifungue kwenye kompyuta, ikuze sehemu moja moja: kwanza mkono na glasi, kisha kindi, kisha kola. Uso uache mwisho.

Nimesema alikuwa anapimwa, kwa hiyo nikuambie matokeo. Picha ilisafiri kwa meli kuvuka Atlantiki, na nahodha rafiki yake, R. G. Bruce, akasimamia ionekane. Copley alimwandikia akimsihi asimfiche lawama, kwamba yeye anahangaika zaidi kustahili sifa kuliko kuzipata. Ikatundikwa kwenye maonyesho ya mwaka 1766, jina la Copley likiwa limekosewa kwenye orodha, ameandikwa William. Kabla ya kujua ni ya nani, baadhi ya walioiona walidhani ni ya Joseph Wright, kijana Mwingereza aliyekuwa anaanza kuvuma kwa uhodari wa mwanga na giza. Kwa mtu ambaye hajawahi kutoka Amerika, kufananishwa hivyo hakukuwa kitu kidogo.

Joshua Reynolds, mchoraji mwenye sauti kubwa kuliko wote London, akaisifu. Lakini sifa zake zilikuwa na mwiba, na Bruce alizipeleka Boston pamoja na mwiba wake: kuna ugumu kidogo katika uchoraji, vivuli vina ubaridi, na mchoraji amejishughulisha mno na vitu vidogovidogo. Reynolds akaongeza kwamba Copley angeweza kuwa miongoni mwa wachoraji wa kwanza duniani, mradi aje Ulaya kujifunza kabla mkono wake haujaharibika kwa kuzoea kufanya kazi kwa namna yake ndogo huko Boston. Benjamin West naye, Mmarekani aliyekuwa ameshahamia London, akaandika kwamba picha imejaa mistari: kingo za vitu zimekatwa wazi mno, wakati katika maumbile vitu huyeyukia kwenye mwanga na kivuli.

Je, walikuwa na haki? Angalia kingo uamue. Ufuate mstari wa paji la uso, pua, midomo, kidevu, pale uso unapoachana na kilichoko nyuma yake. Uko safi kana kwamba umekatwa kwa wembe. Kola inapokutana na koti, hivyohivyo. West hakusema uongo. Na chanzo chake kinajulikana. Boston haikuwa na chuo cha sanaa wala nyumba ya picha za wachoraji mabingwa wa Ulaya. Baba wa kambo wa Copley, Peter Pelham, ambaye ndiye baba wa Henry, alikuwa mchongaji wa picha za kuchapa, yaani aliyechonga picha kwenye bamba ili ichapwe kwenye karatasi, na alifariki mwaka 1751 Copley akiwa na miaka 13. Sehemu kubwa ya alichokijua kuhusu picha kubwa za Ulaya alikipata kwenye nakala za kuchapa, nyeusi na nyeupe, ambamo kila kitu ni mstari na ukingo. Mtu hujifunza na ugonjwa wa mwalimu wake.

Ila hapa mimi naachana na West. Ukingo ule mkali ndio unaofanya vitu vya Copley vikae mezani kwa uzito ambao Waingereza wengi wa wakati wake hawakuupata. Chukua picha nyingine maarufu ya kijana wa karne hiyo, ile ya Thomas Gainsborough inayojulikana kwa suti yake ya buluu, iliyoonyeshwa London mwaka 1770 na ambayo sasa iko California. Yule kijana amesimama wima, anakukodolea, kavaa mavazi ya mtindo wa zaidi ya miaka 100 kabla yake. Ukiwa mbali, hariri ya buluu inametameta. Sogea karibu, hariri inatoweka. Unabaki na mapigo ya brashi yaliyovurugana, mekundu kidogo hapa, meupe pale. Ni uchawi, sikatai. Kwa Copley unasogea na glasi inabaki kuwa glasi. Gainsborough anakuonyesha jinsi anavyochora, na Copley anajificha nyuma ya kitu anachokichora. Usikubali mtu akwambie lazima uchague mmoja, ingawa mimi moyo wangu unajua uliko.

Tena, kasi. Copley alikuwa mzito wa kazi kupindukia. Yuko mwanamke mmoja aliyesimulia kwamba kwa ajili ya kichwa chake peke yake aliketi mbele ya Copley mara 15 au 16, kila mara kwa muda wa saa 6. Wewe mwenye wateja wanaotaka picha kesho asubuhi utacheka. Lakini inaeleza kwa nini hapa alimtumia mdogo wake: mtu wa nyumbani hakulipishi muda wake wala hawezi kukukimbia. Na pengine inaeleza ule uso. Kijana aliyeketishwa saa nyingi hatimaye huacha kupozi. Macho yanaenda zake. Hilo ni wazo langu, usilinukuu kama historia.

Kuhusu maana ya kindi, utakuta watu wanakupa orodha: kindi ni bidii, ni subira, ni kijana anayefundishwa adabu kama mnyama anavyofugwa. Si uongo, vitabu vya alama vya enzi zile, vilivyoeleza maana ya wanyama na vitu kwenye picha, vilikuwa na mambo hayo, na watu wa makoloni kweli walifuga kindi. Lakini Copley aliwachora kindi kwenye picha nyingine pia, za watoto na za mabibi, kiasi kwamba inaonekana ni mnyama aliyependa kumchora. Kilicho muhimu zaidi hapa ni kwamba mtu wa London, akimwona mnyama yule, anajua picha imetoka ng'ambo. Ni anwani ya mtumaji.

Meza nayo ina anwani yake, ingawa hakuna aliyeisoma siku hizo. Mbao ya mahogani iliyopendwa katika nyumba za Boston ilikatwa katika misitu ya Karibiani na pwani za Honduras, na waliokata walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Sikwambii uiache kuipenda ile meza. Nakwambia tu kwamba mng'ao wake una historia ndefu kuliko ya kindi, na mtazamaji wa Kiafrika ana haki ya kuiona.

Kitu ambacho hakimo kabisa ni Boston yenyewe ya mwaka ule. Mwaka 1765 mji ulikuwa unachemka kwa sababu ya kodi ya stempu, ambayo Uingereza iliwatoza watu wa makoloni. Mwezi Agosti umati uliibomoabomoa nyumba ya naibu gavana, Thomas Hutchinson. Ndani ya chumba cha Henry hakuna kelele hata moja. Siwezi kusema Copley alikusudia ukimya huo, ila ukishajua, pazia lile jekundu linaonekana zito zaidi.

Umeuliza kama tunaisifu kwa uzee wake. Hapana, na ushahidi ni kwamba picha aliyoituma kwa maonyesho ya mwaka 1767, ya msichana mdogo mwenye ndege na mbwa, ina uzee uleule, nayo haikupokelewa vizuri. Alijaribu kufuata ushauri wa London, akajaza vitu: nguzo, pazia, zulia, kiti, mbwa. Itafute, iko katika makumbusho ya Toledo, jimbo la Ohio. Kila kitu kimechorwa kwa ustadi na hakuna kilichoshikana na mwenzake. Ukizitazama hizi mbili pamoja utaona upesi kile ambacho maneno yangu yanahangaika kukisema: katika ile ya Henry vitu ni vichache na kila kimoja kinamhitaji mwingine.

Baada ya maonyesho ya mwaka 1766 Copley alibaki Boston miaka mingine 8, akilalamika katika barua kwamba watu wa kwao wanauona uchoraji kama kazi ya mikono sawa na useremala, ushonaji au ushonaji viatu. (Sijui kama hilo ni geni kwako.) Mwaka 1774 akaondoka kwenda Ulaya na hakurudi tena. Henry naye akawa mchoraji na mchongaji. Ile picha ya kuchapa ya askari wa Kiingereza wakifyatulia raia risasi Boston mwaka 1770, ambayo Paul Revere, mchongaji mwingine wa Boston, aliisambaza ikampa jina, ilinakiliwa kutoka kwa Henry, na Henry alimwandikia Revere barua ya hasira kwamba amemnyang'anya jasho lake. Baadaye naye akahama, akaishia Ireland, ambako alikufa maji mwaka 1806.

Sasa kazi. Usiinakili sura. Chukua penseli yako, nakili sehemu ya chini peke yake: mkono, mkufu, glasi, kindi, ukingo wa meza. Anza kwa kupima, maana utashangaa vipimo vilivyojirudia. Glasi iache iwe karatasi tupu mpaka umalize kila kilichoizunguka. Halafu mketishe mdogo wako au jirani, si kutoka kwenye simu, mpe kitu kidogo cha kushika mkononi, na usimchore mpaka achoke kukutazama.